Jinsi mwanga wa infraredi unavyobanwa ili kutambua molekuli chache

Masoro, jijini Kigali, ndipo kilipo kiwanda cha kampuni ya Ujerumani ya BioNTech, kilichozinduliwa Disemba 2023 kwa lengo la kutengeneza chanjo za mRNA. Kazi ya namna hiyo haiepuki swali hili: je, molekuli zilizomo chupani ndizo zilizokusudiwa, na zingali nzima?

Njia mojawapo ya kuzichunguza molekuli ni mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Atomu zilizoungana hutetemeka, na kila aina ya muungano hufyonza mwanga wenye urefu wake maalumu wa wimbi. Protini, kwa mfano, hufyonza sana karibu na mikromita 6. Mwaka 2019, watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, Tanzania, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionyesha kuwa njia hii yaweza kukadiria umri na spishi ya mbu waenezao malaria.

Mbu mzima ana molekuli tele. Ugumu huanza zinapokuwa chache. Protini ina upana wa nanomita chache tu, ilhali wimbi la mwanga huo ni refu takriban mara elfu moja. Ni kama kuvua sambaza wa Ziwa Kivu kwa wavu wa matundu makubwa: mwanga hupita, na molekuli hazinaswi.

Hapo ndipo polaritoni za uso zinapofaa. Katika baadhi ya mada, mwanga huweza kushikamana na mitetemo ya elektroni au ya atomu, kisha ukatambaa juu ya uso ukiwa na wimbi fupi mno. Nguvu yake hujikusanya mahali zilipotua molekuli, na ufyonzaji uliokuwa hafifu hudhihirika.

Mwaka 2015, watafiti wa Uswisi na Uhispania walitambua protini kwa kutumia grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja, linaloweza kurekebishwa kwa umeme. Mwaka 2018, wanasayansi wa San Sebastián, Uhispania, walitumia boroni nitridi, ambayo hupoteza nishati kidogo.

Kikwazo kikubwa ni maji, kwani nayo hufyonza mwanga karibu na mikromita 6, palepale penye alama ya protini. Damu ya mgonjwa na chanjo ya chupani zote zina maji. Kwa hiyo kipimo kitakachofaa kliniki au kiwandani sharti kwanza kiweze kuitenga sauti ya molekuli na kelele za maji.