Dola 130 za Superman: Nani anakula feza ya picha?

Leo tuweke mambo ya memware na stazhi pembeni kidogo, tuzungumzie feza.

Pita sokoni wakati masomo yanakaribia kufunguliwa. Angalia mikoba ya watoto: Mickey, Spider-Man, Hello Kitty. Ukiuliza mama mwenye anaiuza kama ile filimu inasema nini, atakujibu hajaiona hata siku moja. Pengine mutoto naye hajaiona. Lakini ni picha ndiyo inauza mukoba.

Mingi kati ya mikoba ya kwetu ni ya kuiga, hakuna mutu aliomba ruhusa kwa mutu. Lakini kule Marekani, Japani na Ulaya, kila mukoba wa namna ile unaacha kitu mukononi mwa mutu fulani. Ni nani? Historia yake ina zaidi ya miaka 100, na inamugusa kila kijana mwenye anachora, anaandika ao anaimba.

Kwanza tufahamu namna mambo inaendeshwa. Mwenye picha hatengenezi mikoba. Hana kiwanda. Anatoa lisansi, si ile yetu ya iniversite, hii ni karatasi ya ruhusa. Mwenye kiwanda anatengeneza, anauza, na kwa kila kitu chenye kinauzwa analipa asilimia fulani. Stoku ikibaki, hasara ni yake. Sisi watu wa agronomia tunajua hii hesabu: ni sawa na mwenye udongo. Hashiki jembe, lakini kila mavuno anapata fungu lake. Kwa hiyo swali ni moja tu: udongo ni wa nani? Nani alibaki na karatasi?

Sungura mwenye alinunua mashamba

Kati ya watu wa kwanza kufahamu hii, kuko mwanamuke: Beatrix Potter, Mwingereza. Aliandika na kuchora hadithi ya sungura mwenye jina Peter Rabbit. Wachapishaji walimukatalia. Mwezi wa 12 mwaka wa 1901 akachapisha kopi 250 kwa feza yake mwenyewe. Mwaka wenye ulifuata, nyumba ya Frederick Warne ikakubali, na kitabu kikauzwa sana.

Mwaka wa 1903, Potter akashona sungura wa kitambaa na akamuandikisha ku ofisi ya serikali, ili mutu yeyote mwenye anataka kumutengeneza apite kwanza kwake. Kisha ikafuata mchezo wa mezani na karatasi za kupamba ukuta. Mahali karatasi ilikosekana, alipoteza: kule Marekani wachapishaji wake hawakuandikisha kitabu, na watu wakakiiga bila kumulipa hata senti.

Watu wa agronomia, sikieni mwisho wake. Kwa feza ya vitabu, mwaka wa 1905 alinunua shamba la Hill Top, kaskazini ya Uingereza, na akaendelea kununua mengine. Akakuwa mufugaji wa kondoo wa Herdwick, aina ya milima ile. Alipokufa mwaka wa 1943, aliachia shirika la National Trust karibu hektari 1600. Sungura wa karatasi alizaa udongo wa kweli.

Panya mwenye alizaliwa kisha hasara

Walt Disney alijifunza kwa uchungu. Mwaka wa 1927 studio yake ilianza kuchora sungura mwingine, Oswald, kwa ajili ya sosiete Universal. Watu wakamupenda. Mwanzoni wa 1928 Disney akaenda New York kuomba bei iongezwe. Charles Mintz, mwenye alikuwa katikati yake na Universal, akamuambia bei itashuka. Na kumbe alikuwa amekwisha kusainisha wachoraji wengi wa Disney. Walipofungua kontra, iliandikwa wazi: Oswald ni wa Universal. Disney akarudi mikono mitupu.

Mickey Mouse alifuata kisha ile hasara. Filimu yake yenye sauti ilitoka tarehe 18/11/1928, na safari hii karatasi ilibaki nyumbani. Disney mwenyewe alisimuliaka kama mutu mumoja alimufuata ku hoteli New York na dola 300, akitaka kuweka picha ya Mickey juu ya madaftari ya wanafunzi. Studio ilikuwa na lazima ya feza, akapokea.

Mwaka wa 1932 kazi ya lisansi ikapewa Kay Kamen, mutu wa matangazo. Yeye ndiye aliipangia utaratibu: kiwanda gani kipewe ruhusa, na kwa kitu gani. Mwaka wa 1933, katikati ya shida kubwa ya uchumi, sosiete ya saa Ingersoll-Waterbury, yenye ilikuwa karibu kuanguka, ikatoa saa ya mukono ya Mickey. Ndani ya miaka 2 ziliuzwa zaidi ya milioni 2. Watu walikuwa wanakosa kazi, lakini saa ya panya walinunua.

Dola 130

Sasa tuende Cleveland, palepale Marekani. Jerry Siegel anaandika, rafiki yake Joe Shuster anachora. Wote ni watoto wa familia za Wayahudi wenye walihamia kule, feza hakuna. Kwa miaka walitembeza Superman kwa wachapishaji, wakakataliwa kila mahali. Mwezi wa 3 mwaka wa 1938, sosiete yenye leo inaitwa DC ikakubali: kurasa 13, dola 10 kwa ukurasa. Jumla dola 130. Katika ile karatasi, haki zote za Superman zikapita kwa sosiete. Wote wawili walikuwa na miaka 23.

Gazeti Action Comics namba 1 likatoka mwaka uleule. Mwaka wa 1939 kukaundwa Superman, Inc., kazi yake kutoa lisansi. Mwaka wa 1940 Superman akaingia ku redio, na vichezeo na nguo vikajaa madukani. Siegel na Shuster waliendelea kulipwa kwa kuandika na kuchora, lakini udongo haukuwa wao tena. Mwaka wa 1947 walipeleka mambo ku tribinali; Superman hakurudi kwao, na majina yao yakaondolewa ku magazeti.

Ilipofika 1975, Shuster alikuwa karibu kipofu, na Siegel alikuwa anafanya kazi ndogo ya ofisi. Wakati ule filimu kubwa ya Superman ilikuwa inatayarishwa. Siegel akapiga kelele kwa waandishi wa habari, wachoraji wengine wakawaunga mukono, na sosiete ikaona haya: ikakubali kumupa kila mumoja dola 20 000 kwa mwaka, na kurudisha majina yao.

Sheki ya mwaka wa 1938, yenye ile dola 130 iliandikwa pamoja na malipo mengine, iliuzwa kwa munada mwaka wa 2012. Bei: dola 160 000. Karatasi ya malipo ilikuwa na bei kuliko malipo yenyewe.

Mutu mwenye aliacha mushahara

George Lucas alifanya kinyume. Filimu yake ya 1973, American Graffiti, ilikuwa imeingiza feza nyingi sana. Kila mutu alingojea aombe studio Fox mushahara mukubwa kwa Star Wars. Yeye akaacha mushahara wake kwa dola 150 000, na akaomba vitu viwili: filimu zenye zingefuata, na haki juu ya vitu vya kuuza. Fox ikakubali bila kuhangaika. Mwaka wa 1967 vitu vya filimu yake Doctor Dolittle vilikuwa vimebaki madukani. Kwake haki ile ilikuwa karatasi isiyokuwa na bei.

Star Wars ikatoka tarehe 25/5/1977. Kenner, kiwanda cha vichezeo cha Cincinnati, hakikuwa tayari. Noeli ikafika bila sanamu hata moja. Walifanya nini? Wakauza bahasha ya katoni yenye ndani yake kuko karatasi ya ahadi: tuma hii, sanamu 4 ndogo zitakuja kwa posta mwaka kesho. Na wazazi wakanunua! Lucas alilipa mwenyewe utengenezaji wa filimu ya pili, na mwaka wa 2012 akauza sosiete yake kwa Disney: miliare 4,05 za dola.

Wajapani

Kule Japani, Shintaro Tsuji, mwanzilishi wa Sanrio, aliona kama kandambili za raba zenye kuchorwa maua zinauzwa kuliko zile zenye haziko na kitu. Mwaka wa 1974 Yuko Shimizu, mufanyakazi wake, akachora Hello Kitty. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kapochi kadogo ka feza, yen 240. Hakukuwa filimu wala kitabu nyuma yake, ni picha tu. Lakini muchoro ulikuwa wa sosiete. Shimizu aliondoka mwaka wa 1976, Kitty akabaki.

Pokémon ilianza tarehe 27/2/1996 kama muchezo wa Game Boy, kazi ya Satoshi Tajiri na studio yake ndogo Game Freak. Mwaka uleule kadi zikatoka. Leo orodha nyingi zinaiweka ya kwanza duniani, na fungu kubwa la feza linatokana na vitu vya kununua. Na ile studio ndogo haikumezwa: Pokémon ni ya Nintendo, Creatures na Game Freak pamoja.

Basi sisi?

Ni rahisi kusema Siegel na Shuster walikuwa wajinga. Apana. Rudia kusoma hadithi hizi zote na uulize: nani aliweza kungojea? Potter alikuwa mutoto wa tajiri. Aliweza kulipa kopi 250. Lucas alikuwa na feza ya American Graffiti mufukoni. Siegel na Shuster walikuwa na njaa na miaka ya kukataliwa. Karatasi inabaki kwa mwenye anaweza kukaa bila kusaini leo.

Sisi tunaona hii kila mwaka katika vijiji. Mukulima mwenye mutoto wake ni mugonjwa anauza mahindi yakingali shambani, kwa bei ya bure. Si kwamba hajui hesabu. Anajua kuliko munuzi. Ni wakati ndio unamukosekana. Na dawa yenye wakulima walipata si kuwahubiri. Ni kujiunga pamoja, kuwa na sanduku la kukopeshana, ili mumoja asiuze peke yake siku ya shida.

Kwa mwenye anachora BD, anatengeneza muziki ao video, ni vilevile. Sheria iko: Ordonansi-lwa namba 86-033 ya tarehe 5/4/1986 inalinda kazi ya mutunzi hapa kwetu. Lakini sheria haisomi kontra mahali pako. Kabla ya kusaini, tafuta maneno matatu tu: nauza nini, kwa muda gani, kwa inchi gani? Kama wanataka picha yako kwa tangazo moja, uza tangazo moja. Wakiandika "haki zote, siku zote", jua wanakuomba shamba, si mavuno. Pengine utauza hata hivyo, juu kodi ya nyumba haingoji. Basi angalau omba asilimia ndogo ibaki juu ya kila kitu chenye kitauzwa kesho, na umupe rafiki mwenye alisoma sheria aisome mbele yako. Wako wengi kati yetu, na wengine hawana kazi, tuwatumie.

Mwaka wa 1938 hakuna mutu aliyekaa kando ya Siegel na Shuster siku ile. Je, mwenzako mwenye anasaini kesho, nani atakaa kando yake?