Kifua kikuu cha ng'ombe: Sheria zipo, kipimo ni adimu

NG'OMBE mwenye kifua kikuu anaweza kukamuliwa kwa miaka kadhaa bila mwenyewe kushuku lolote. Anakula, anashika mimba, anatoa maziwa, na bei yake mnadani haishuki. Dalili zinapojitokeza, yaani kukonda, kikohozi kikavu na kuvimba tezi, huwa amekwisha kuwaambukiza wenzake wanaolala naye banda moja.

Ugonjwa huo husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium bovis, ndugu wa karibu wa yule anayesababisha sehemu kubwa ya kifua kikuu cha binadamu. Ng'ombe huambukizana hasa kwa pumzi, ndiyo maana banda finyu lisilopitisha hewa ni hatari kuliko malisho ya wazi. Binadamu huupata zaidi kwa kunywa maziwa mabichi, na wakati mwingine kwa kuvuta hewa karibu na mnyama mgonjwa, jambo linalowagusa wakamuaji na wachinjaji.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao 140,000 duniani waliugua kifua kikuu kinachotokana na wanyama, na 11,400 kati yao walifariki dunia. Bara la Afrika ndilo lililobeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo huo. Makadirio hayo yana walakini mmoja: vipimo vya kawaida vya makohozi hospitalini havitofautishi bakteria wa ng'ombe na yule wa binadamu. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu, kwa kuwa bakteria wa ng'ombe ana usugu wa asili dhidi ya pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo anazopewa mgonjwa wa kifua kikuu. Aidha, ugonjwa unaoingia kwa maziwa mara nyingi hukaa kwenye tezi za shingo, tumbo au mifupa, na mgonjwa wa aina hiyo huenda asikohoe kabisa.

Nchini Tanzania, msingi wa udhibiti ni Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Namba 17 ya mwaka 2003. Sheria hiyo inamtaka mfugaji anayeshuku kuwa mnyama wake ana ugonjwa unaopaswa kutolewa taarifa amtenge na kuwaarifu wataalamu wa mifugo. Inawapa pia wakaguzi mamlaka ya kuingia zizini, kuchukua sampuli na kuzuia mifugo isiondolewe mahali ilipo. Kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2007 zinasimamia usafirishaji: mnyama anayehamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine hutakiwa kuwa na kibali kinachotolewa baada ya mtaalamu kujiridhisha na afya yake.

Zipo sheria nyingine zinazogusa ugonjwa huo kwa pembeni. Sheria ya Tasnia ya Maziwa Namba 8 ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa na kuweka utaratibu wa kusajili wadau wa biashara hiyo. Sheria ya Tasnia ya Nyama Namba 10 ya mwaka 2006 ilifanya hivyo kwa upande wa nyama.

Chini ya sheria hizo za nchi kuna sheria ndogo, na hapo ndipo mfugaji wa kawaida anapokutana na dola. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, Namba 7 kwa mamlaka za wilaya na Namba 8 kwa mamlaka za miji, zinaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji nayo inaweza kutunga zake, baada ya kupata maoni ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha kupeleka rasimu kwenye halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe.

Ukizisoma sheria ndogo za aina hiyo, ni nadra kukuta kifua kikuu kikitajwa kwa jina. Aghalabu zinazungumzia mifugo inayozurura mitaani, uchinjaji nje ya machinjio, ushuru wa mnada, kuogesha mifugo katika josho na uingizaji wa mifugo kijijini bila taarifa. Hata hivyo, kanuni hizo zilizotungwa kwa sababu nyingine ndizo zinazofanya kazi kubwa. Kijiji kinachokataa kupokea kundi geni lisilo na kibali huwa kimezuia njia kuu ya kifua kikuu kuingia, ingawa huenda wajumbe wa halmashauri yake walikuwa wakifikiria wizi wa mifugo au uhaba wa malisho tu.

Kwa wakazi wa mijini, kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliweka kikomo cha ng'ombe wanne kwa mfugaji, wakifugiwa ndani. Lengo lilikuwa usafi wa mji na amani baina ya majirani. Kwa upande wa kifua kikuu, kikomo hicho kina sura mbili. Ng'ombe wasiotoka hawakutani na makundi mengine malishoni, na hiyo ni kinga. Lakini mgonjwa mmoja akinunuliwa na kuingizwa katika banda la wanne, waliobaki hushiriki naye hori, maji na hewa usiku na mchana. Kwa hiyo, swali la msingi kwa mfugaji wa mjini ni ng'ombe wake alinunuliwa wapi na alipimwa na nani.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alitengeneza mwaka 1890 dutu iitwayo tuberkulini akidhani ingekuwa dawa. Haikuponya, lakini ikaonekana kuwa inafaa kupimia. Daktari wa mifugo hunyoa sehemu mbili shingoni, hupima unene wa ngozi, kisha huchoma tuberkulini ya ng'ombe upande mmoja na ya ndege upande wa pili. Hurudi baada ya saa 72. Ikiwa ngozi iliyochomwa ya ng'ombe imevimba kuizidi ile ya ndege kwa milimita 4 au zaidi, mnyama huhesabiwa kuwa ameambukizwa. Tuberkulini ya ndege inahitajika kwa sababu udongo na maji vina bakteria wengine wa jamii hiyo wasio na madhara makubwa, ambao wangeweza kumhukumu ng'ombe mzima kwa kosa lisilo lake.

Ugumu uko katika utekelezaji. Daktari lazima afike mara mbili, na ng'ombe yule yule apatikane siku ya tatu. Kwa mfugaji anayehamahama, siku ya tatu kundi linaweza kuwa bonde jingine kabisa. Ng'ombe aliyedhoofika sana na ugonjwa anaweza asivimbe, kinga yake ikiwa imekwisha kuchoka, na aliyezaa karibuni naye anaweza kumdanganya mpimaji. Kurudia kipimo mapema hakusaidii, kwani ngozi huwa bado haijapata nguvu ya kuitika. Katika nchi nyingi zenye mpango wa upimaji husubiriwa siku 42 au 60.

Baada ya kipimo hufuata swali la fedha. Uingereza, ambako katika miaka ya 1930 takriban asilimia 40 ya ng'ombe wa maziwa walikuwa na maambukizi na watu wapatao 2,500 walikuwa wakifa kila mwaka, ilianza kuwapima na kuwachinja walioitika kwa lazima, eneo baada ya eneo, mwaka 1950. Kufikia mwaka 1960 nchi nzima ilikuwa imeingizwa katika mpango huo. Mfugaji alilipwa fidia. Ugonjwa ulipungua sana, kisha ukarudi kusini-magharibi mwa England, mnyamapori aitwaye melesi akiwa mmoja wa waliouhifadhi. Scotland ilitambuliwa rasmi kuwa haina ugonjwa huo mwaka 2009.

Nchini Marekani, jimbo la Michigan lilipoteza hadhi ya kutokuwa na kifua kikuu cha ng'ombe mwaka 2000, baada ya ugonjwa kukutwa kwa kulungu na kuingia katika mifugo. Jimbo liligawanywa kwa kanda, na kaunti nne za kaskazini-mashariki, Alcona, Alpena, Montmorency na Oscoda, zikawekewa kanuni kali kuliko kwingineko. Mfugaji wa kaunti hizo hupimiwa kundi lake na huzuiwa kumhamisha mnyama bila masharti, ilhali mwenzake aliye ng'ambo ya mpaka wa kaunti hana mzigo huo. Malalamiko hayakukosekana, lakini mgawanyo huo uliliwezesha jimbo lililobaki kuendelea na biashara.

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kuwapima wote na kuwachinja walioitika, kisha kuwalipa wenyewe, ni gharama ambayo nchi nyingi za Afrika hazijaibeba. Matokeo yake, udhibiti umetegemea zaidi macho ya mkaguzi wa nyama machinjioni kuliko upimaji wa ng'ombe walio hai. Mkaguzi hupasua tezi za kichwa, kifua na utumbo, akitafuta vinundu vyenye usaha mzito unaofanana na jibini. Vikiwa sehemu moja, sehemu hiyo hutupwa. Vikiwa vimeenea, mzoga wote huharibiwa, na hasara ni ya mwenye ng'ombe.

Hapo ndipo sheria inapogongana na mfuko wa mfugaji. Mtu anayejua kwamba kumwita daktari kunaweza kumaanisha kumpoteza ng'ombe pasipo malipo yanayolingana, ana kila sababu ya kumpeleka mnadani kimya kimya. Adhabu za sheria ndogo hazijaweza kushinda hesabu hiyo, na haielekei zitaweza. Miradi ya "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe" ina nafasi nzuri zaidi ya kudhibiti, kwa kuwa mtoaji anaweza kusisitiza ng'ombe apimwe kabla ya kukabidhiwa. Asipopimwa, ndama anayelipwa kwa jirani anaweza kwenda na ugonjwa.

Kuhusu kuenea kwake, tafiti zilizofanywa kaskazini mwa nchi na Nyanda za Juu Kusini zilithibitisha kuwa ugonjwa upo, kwa viwango vinavyotofautiana sana kati ya eneo na eneo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha maambukizi pia kwa wanyamapori wa kaskazini, wakiwamo nyumbu. Katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ugonjwa uligunduliwa kwa nyati mwaka 1990 na baadaye ukawafikia simba. Kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, sheria ndogo inayozuia kulisha mifugo ndani ya hifadhi hulinda pande zote mbili.

Kwa mlaji wa mjini, kinga iko jikoni. Bakteria hao hufa maziwa yakipashwa joto la nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15 kama viwandani. Maziwa yaliyochemka mpaka yakaumuka yamevuka viwango hivyo. Mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi hauna dhamana hiyo, kwani uchachu hauaminiki kuwaua.

Suala la kumfuatilia ng'ombe mmoja mmoja limechukua muda mrefu. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Namba 12 ilipitishwa mwaka 2010. Baadaye ng'ombe walipigwa chapa ya moto, ambayo huonyesha eneo alikotoka mnyama kuliko zizi lake. Juni 2025 ilizinduliwa mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, inayohusisha hereni masikioni. Chanjo ya ng'ombe katika kampeni hiyo ni ya homa ya mapafu, ugonjwa ambao baadhi ya wafugaji huuchanganya na kifua kikuu kwa sababu ya kikohozi. Kwa kifua kikuu, faida iko kwenye hereni: mkaguzi wa machinjio ya Vingunguti akikuta vinundu katika mzoga wa ng'ombe aliyepitia minada miwili kabla ya kufika Pugu, namba ya sikioni ndiyo inayoweza kumwelekeza kwenye zizi ambako wenzake bado wanakamuliwa.