Dereva na Trekta Yake: Habari za Mpango wa Karanga

Leo twende Nachingwea, wilaya ambayo zamani Ruangwa ilikuwa sehemu yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Basi mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Zilikusudiwa eka mamilioni. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani, reli ambayo leo haipo.

Trekta nyingi zilikuwa kuukuu, mabaki ya vita. Nyingine zilitengenezwa kutokana na vifaru. Mbili zilifungwa mnyororo wa nanga ya meli katikati yake, zikaenda sambamba zikiangusha miti. Madereva wengi walikuwa hawajapata kushika usukani maishani, nao walifundishwa upesi upesi. Spea zilitoka ng'ambo. Chuma kikivunjika, dereva hana la kufanya ila kungoja. Mwaka 1951 mpango huo mkubwa uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa.

Hesabu tunazosoma mpaka leo ni za eka, tani na pauni. Lakini je, yule dereva alijiona yeye ndiye anayeendesha trekta, au trekta ndiyo inayomwendesha yeye?

Usidhani jambo hilo halipimiki. Mwaka 2002 Patrick Haggard wa London na wenzake walitangaza jaribio lao. Mtu alitazama mshale wa saa uliozunguka haraka, akabonyeza kitufe kwa hiari yake. Robo sekunde baadaye ikasikika sauti. Alipotaja saa ya kila tukio, aliyaona mawili hayo yamekaribiana kuliko ilivyokuwa kweli. Lakini kidole kiliposhtuliwa kwa mtambo wa sumaku uliowekwa kichwani, bila yeye kutaka, aliyaona yameachana zaidi. Kumbe hata ile hisia ya kusema "nimefanya mimi" ina kipimo!

Sisi hatuna saa ile, lakini maswali tunayo. Kabla ya kipindi kijacho, mtafute jirani anayepulizia mikorosho salfa kwa mashine. Mwulize: Ikigoma, unajua sababu? Unaweza kuifungua mwenyewe? Nani anaamua siku ya kupulizia? Andika majibu yake katika daftari, kwa maneno yake mwenyewe.