Tabibu na daktari bingwa: rufaa inavyofanya kazi

Ukiumwa hapa Tinde, huanzi kwa daktari bingwa. Unaanzia zahanati ya kijiji au kituo cha afya, na mara nyingi anayekupokea ni tabibu. Katika nchi nyingine kazi hii hufanywa na daktari wa familia, ambaye naye ni bingwa katika fani yake. Kwetu Chuo Kikuu cha Aga Khan, Dar es Salaam, hufundisha fani hiyo, ila vijijini mzigo bado ni wa tabibu.

Ngazi za rufaa

Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali ya kanda. Kwa mgonjwa wa Tinde, mkoa ni Shinyanga na kanda ni Bugando, Mwanza. Juu kabisa ipo Muhimbili. Dharura haingojei ngazi. Mjamzito au mama aliyejifungua akipata tatizo, piga 115 bila malipo, mfumo wa m-mama utafute usafiri.

Bingwa anamtegemeaje tabibu?

Bingwa anajua kiungo kimoja kwa undani. Tabibu anamjua mtu, familia yake na kazi yake. Chukua kijana aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita au Kahama, anakohoa na kukonda. Inaweza kuwa kifua kikuu. Inaweza pia kuwa mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe, na vumbi hilo huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Kwenye picha ya eksirei magonjwa haya mawili yanaweza kufanana. Barua ikisema tu "kikohozi", bingwa anaanza upya. Ikisema "amesaga mawe miaka minane, makohozi yamepimwa, dawa alizotumia ni hizi", kazi imefika nusu.

Lawama za pande mbili

Mabingwa hulalamika kwamba wagonjwa hufika wamechelewa, na barua ni ya mstari mmoja. Matabibu nao hulalamika kwamba mgonjwa akishapanda, hawapati majibu. Kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, zilizoanza 2024 katika hospitali za halmashauri, zinapunguza pengo hilo, maana bingwa hutibu huku akiwafundisha watumishi waliopo.

Wewe ufanye nini?

Sema ukweli kuhusu kazi yako na dawa ulizokunywa, zikiwemo za kienyeji. Beba barua ya rufaa, vipimo na dawa zako. Kabla ya kuondoka hospitalini, omba maandishi ya kumrudishia tabibu: umeonekana na ugonjwa gani, umepewa dawa gani, urudi lini. Mgonjwa wa presha au kisukari akirudi mikono mitupu, dawa zikiisha tabibu atalazimika kukisia. Karatasi hiyo usiiache kwenye basi. Ipeleke kituoni mapema, hata kama unajisikia umepona.