Kiti cha Singida Mashariki



Wapendwa waamini, juma hili tafakari yangu itakuwa ya historia, tena historia ya karibu mno, ambayo wengi wetu tuliishuhudia kwa macho yetu. Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja mzee alinisubiri chini ya mti ulio nje ya kanisa, akaniuliza: "Baba Padre, hivi kiti cha mbunge ni mali ya nani?" Nilimjibu haraka kwamba ni mali ya wananchi. Akanitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo swali lake halijaniacha.

Kabla sijaendelea, nieleweke. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 287, inatuzuia sisi makleri kujiingiza katika shughuli za vyama vya siasa, nami sina kadi ya chama chochote wala sitafuti. Hata hivyo, kanuni hiyo haituzuii kukumbuka. Nitakayoyaandika hapa ni mambo yaliyotendeka hadharani, na kila mmoja atayapima kwa dhamiri yake.

Tundu Antiphas Lissu alizaliwa mwaka 1968 katika kijiji cha Mahambe, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Ikungi. Alisoma sekondari Ilboru, Arusha, na kidato cha tano na cha sita Galanos, Tanga, kisha akasomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Warwick, Uingereza. Mwaka 1995, nchi yetu iliporejea katika uchaguzi wa vyama vingi, alikuwa kijana wa miaka 27. Aligombea ubunge wa Singida Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akashindwa. Wengi wakishindwa mara ya kwanza huachana na siasa. Yeye alirudi kwenye sheria, akafanya kazi na chama cha wanasheria wa mazingira kiitwacho LEAT, na jina lake likaanza kusikika kwa kuwatetea wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu walioondolewa katika machimbo yao mwaka 1996. Kazi hiyo ilimletea mashitaka ya uchochezi. Yalikuwa ya kwanza, na hayakuwa ya mwisho.

Mwaka 2010 jimbo la zamani la Singida Kusini lilikuwa limegawanywa, na Lissu akasimama Singida Mashariki, safari hii kwa CHADEMA. Wasioifahamu Singida hawawezi kupima uzito wa jambo hilo. Mkoa wetu ulihesabiwa kuwa ngome ya CCM tangu enzi za chama kimoja, na katika vijiji vingi mtu kuonekana na bendera ya upinzani lilikuwa jambo la kunong'onezwa kisimani. Hata hivyo alishinda. Matokeo yalipingwa mahakamani, na mwezi Aprili 2012 Mahakama Kuu ikathibitisha ushindi wake. Mwaka 2015 alisimama tena, akashinda tena. Basi katika chaguzi mbili mfululizo, wakulima wa alizeti na mtama wa Mungaa, Makiungu na Ikungi walipanga foleni wakasema ni nani wanayemtaka aseme kwa niaba yao.

Na kusema, alisema. Bungeni alikuwa Mnadhimu wa Kambi ya Upinzani na msemaji wake katika mambo ya katiba na sheria. Huku jimboni aliwaambia wanakijiji wazi kwamba michango ya lazima isiyo na msingi wa sheria hawapaswi kutozwa, jambo lililowafurahisha wenye kuku wawili na kuwakasirisha watendaji. Mimi ulimi wake nauona mkali kupita kiasi mara nyingine. Mwaka 2014, katika Bunge Maalumu la Katiba, maneno yake kuhusu Hati za Muungano na waasisi wake yaliwaudhi wengi, wakiwemo Wakatoliki wenzetu wanaomheshimu Mwalimu Nyerere, ambaye tangu mwaka 2005 Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Wanaompenda Lissu husema kwamba mwanasheria hana budi kuuliza hati iko wapi. Pande zote mbili zinaketi katika mabenchi ya parokia hii, nami nawakomunisha wote.

Machi 2017 mawakili wenzake walimchagua kuwa Rais wa Chama cha Wanasheria cha Tanganyika. Agosti mwaka huo alitoboa habari ya ndege ya serikali aina ya Bombardier iliyozuiliwa Kanada kwa sababu ya deni, akakamatwa. Tarehe 7 Septemba 2017, mchana, akitoka kwenye kikao cha Bunge, alipigwa risasi ndani ya gari nje ya makazi yake mjini Dodoma. Risasi 16 zilimpata. Alipelekwa hospitali ya Dodoma, na usiku huohuo akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji kwa matibabu zaidi. Waliofyatua risasi waliitwa "watu wasiojulikana", na jina hilo likabaki hivyo mwaka baada ya mwaka. Katika Kwaresima ya mwaka 2018, maaskofu wetu walitoa ujumbe uliogusa wazi hali ya siasa nchini na kubanwa kwa uhuru wa wananchi. Nakumbuka kanisa lilivyokuwa kimya uliposomwa.

Sasa nafika mahali swali la mama yule linapouma. Tarehe 28 Juni 2019, Spika Job Ndugai alilitangazia Bunge kwamba kiti cha Singida Mashariki kiko wazi. Sababu zilizotolewa ni mbili: mbunge hakuhudhuria mikutano ya Bunge bila kumpa Spika taarifa ya maandishi, na hakuwasilisha tamko la mali na madeni. Ibara ya 71 ya Katiba inayataja kweli mambo hayo. Lakini mtu huyo alikuwa katika matibabu Ulaya, baada ya operesheni nyingi, na nchi nzima ilijua aliko na kwa nini yuko huko. Alikwenda Mahakama Kuu, maombi yake yakatupwa mwezi Septemba. Mimi si mwanasheria, siwezi kusema Spika alikosea kifungu gani. Ninachoweza kusema ni kwamba andiko linaweza kufuatwa neno kwa neno na mjeruhi akaachwa kando ya barabara, walawi tunawajua.

Uchaguzi mdogo ulipangwa kufanyika tarehe 31 Julai 2019. Siku ya uteuzi alibaki mgombea mmoja tu, Miraji Mtaturu wa CCM, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi, akatangazwa kupita bila kupingwa. Sina neno baya juu yake. Alichaguliwa tena mwaka 2020. Nasema tu kwamba mwaka 2019 masanduku ya kura hayakufunguliwa.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Lissu alirejea nchini Julai 2020, akagombea urais. Tume ilimtangazia kura 1,933,271, sawa na asilimia 13, dhidi ya 12,516,252 za Hayati Rais Magufuli. Chama chake kilikataa matokeo hayo. Novemba alirudi Ubelgiji akihofia maisha yake, akaja tena Januari 2023, na Januari 2025 akachaguliwa Mwenyekiti wa CHADEMA. Aprili 2025 alikamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, akafikishwa mahakamani Dar es Salaam kwa shitaka la uhaini.

Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu Thomas More kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Huyu naye alikuwa mwanasheria na mbunge, akawa Spika wa Bunge la Uingereza mwaka 1523, na mwaka 1535 akakatwa kichwa kwa shitaka la uhaini. Simlinganishi na mtu yeyote aliye hai. Kutangaza watakatifu si kazi ya paroko. Ila nimewaomba wanakwaya na vyama vya kitume tumwombe maombezi yake kwa ajili ya wabunge wote, maspika na mahakimu.

Juzi nilipokwenda kutoa Komunyo kwa wagonjwa nilipita kwa yule mama. Nilimwambia nimefikiri, na jibu langu ni lilelile, kiti ni cha wananchi. Alikuwa ameketi mlangoni na ungo mapajani. "Baba," akasema, "mwaka 2010 nilipanga foleni. Mwaka 2015 nilipanga foleni, mguu huu ukiwa umevimba. Hiyo 2019 niliamka, nikapepeta mtama."