Wino wa mzingefuri na daftari la Unyanyembe

Leo tupige historia kidogo.

Ukifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, utaonyeshwa tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Hapo ndipo alipoagana na Stanley mwezi Machi, akampa daftari lake lililofungwa kwa lakiri alipeleke Uingereza. Watafiti wanaliita Daftari la Unyanyembe. Humo imo habari ya mauaji ya sokoni Nyangwe, Kongo, tarehe 15 Julai 1871. Kwa mujibu wa Livingstone, Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa ni kati ya 330 na 400. Habari hiyo iliongeza shinikizo, na Juni 1873 Seyyid Barghash akasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja.

Sasa kasheshe iko hapa: lile daftari ni nakala safi ya baadaye. Kule Manyema mzee aliishiwa karatasi, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la The Standard kwa wino wa mbegu za mzingefuri. Wino ukapauka, herufi za gazeti zikabaki nyeusi tii. Kwa macho matupu huambulii kitu.

Mwaka 2010, huko Scotland, timu ya Adrian Wisnicki ikapiga kila ukurasa picha nyingi, kila moja kwa mwanga wake, toka urujuanimno mpaka infraredi. Ujanja ni huu: kwenye mwanga wa bluu wino zote mbili zinaonekana, lakini kwenye infraredi ule wa mzingefuri unapotea, linabaki gazeti peke yake. Programu ya kompyuta inagawanya picha ya kwanza kwa ya pili. Kilichomo kwenye zote mbili kinajifuta, mwandiko unabaki. Hesabu ya kugawanya tu jamani!

Matokeo yalitoka Novemba 2011. Kwenye gazeti Livingstone anawasema vibaya watu aliotumiwa kutoka Unguja. Kwenye daftari makali yamepunguzwa. Wisnicki akaona upo uwezekano kwamba baadhi yao walihusika na mauaji yale.

Mauaji yalitokea, hilo halibadiliki. Ila kompyuta imefuta uchafu wa gazeti tu. Kilichopunguzwa na mkono wa mwandishi wakati wa kunakili hakuna programu ya kukirudisha. Ni kulinganisha maandishi mstari kwa mstari. Hiyo ndiyo kazi yetu tunaosoma historia.

Mnasemaje wadau? Tuko pamoja.