Mfalme Mwenye Sura ya Peasi
SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Julai 1830 wananchi wa Paris walipigana siku tatu, na Mfalme Charles X akang'oka. Huku mwenyewe akikimbilia Uingereza, wachoraji walimvisha mwili wa twiga, yule twiga wa Sudan ambaye Muhammad Ali Pasha wa Misri alimtuma Ufaransa kama zawadi, akatembezwa kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris mwaka 1827. Watu walicheka. Binamu yake, Louis-Philippe, akakalia kiti, na Katiba mpya ikaahidi kwamba udhibiti wa magazeti hautarudi kamwe. Haukupita muda, mchoraji Charles Philipon akaitwa mahakamani...

SASA ENDELEA...

Novemba 14, 1831. Philipon, mwenye gazeti la La Caricature, amesimama mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Kosa lake ni kumvunjia mfalme heshima. Kielelezo ni picha moja tu: fundi mwashi ameshika mwiko, anapaka lipu ukutani, anafuta alama za ahadi za Julai. Jina la mfalme halikuandikwa popote. Lakini yale mashavu yaliyoshuka, na zile nywele zilizochongoka juu ya paji, Paris nzima ilizijua ni za nani.

Mkuki kwa nguruwe. Alipochorwa binamu yake kuwa twiga, Louis-Philippe hakumshtaki mtu.

Philipon hakutafuta huruma. Alisema sura kufanana si ushahidi, maana ukitaka kufananisha utamwona mfalme kila mahali. Kisha akawachorea. Vichwa vinne. Cha kwanza kilikuwa uso wa mfalme, sawasawa kabisa. Cha pili, mashavu yakavimba kidogo na paji likabanana. Cha tatu, macho na mdomo vilibaki kama mikunjo kwenye ganda. Cha nne hakikuwa mtu tena. Kilikuwa peasi, tunda zima na kikonyo chake.

Swali lake lilikuwa jepesi, na ndiyo maana lilikuwa la hatari: kosa linaanzia kichwa cha ngapi? Kama cha kwanza ni kosa, na cha pili kinafanana na cha kwanza, na cha tatu na cha pili, basi mnalazimika kulifunga na tunda.

Wazee walimkuta na hatia. Miezi 6 jela, faini faranga 2,000.

Serikali ilishinda kesi, ikashindwa mjini. Siku 10 baadaye vichwa vile vinne vilitoka kwa wasomaji wa La Caricature, na kuanzia hapo peasi lilianza kuonekana ukutani, kila mtaa. Mtoto asiyejua hata herufi moja aliweza kulichora kwa chaki kabla askari hajageuka. Utamshtaki nani? Kwa kosa la kuchora tunda?

Na hapa lazima nikusogeze karibu na jiwe, msomaji, kwa sababu bila jiwe simulizi hii haipo. Ni jiwe la chokaa, zito, limesuguliwa mpaka likalainika. Mchoraji anachora juu yake kwa kalamu ya mafuta, kama anavyochora kwenye karatasi. Jiwe likishaandaliwa kwa dawa, linaloweshwa maji. Anapitisha rola yenye wino: palipo na maji wino unakataa, palipo na mafuta unashika. Karatasi inalazwa juu, inagandamizwa, inabanduliwa. Picha tayari. Inayofuata. Inayofuata. Hakuna haja ya kukesha ukichonga mbao au shaba. Asubuhi picha zinaning'inizwa kwenye dirisha la duka la Aubert, shemeji yake Philipon, na asiye na senti ya kununua anasimama nje, anacheka bure.

Katika dirisha hilo ndipo lilipotokea jitu la mchoraji Honoré Daumier, Desemba 1831: mfalme amekaa kitini, ubao umeegemezwa mdomoni mwake, watumishi wanaupanda na vikapu vya fedha za maskini, na chini ya kiti zinadondoka nishani na vyeo vya wakubwa. Daumier alihukumiwa miezi 6. Agosti 1832 walikuja kumchukua, akapelekwa gereza la Sainte-Pélagie. Alikuwa na miaka 24.

Hakuacha, wala Philipon hakuacha. Desemba 1832 Philipon alianzisha gazeti jingine, Le Charivari, picha mpya kila siku. Mwaka 1834 mahakama ililiadhibu tena, na gazeti likatakiwa kuichapisha hukumu yenyewe. Lilitii. Februari 27 hukumu ilitoka neno kwa neno, isipokuwa mistari ilipangwa mifupi juu, mipana chini. Ukiisogeza mbali kidogo na macho, ulikuwa unatazama peasi.

Ikulu ilihitaji sababu ya kuwanyamazisha moja kwa moja, sababu ambayo raia mwema asingeipinga.

Julai 28, 1835. Jua la kiangazi, sherehe za miaka 5 ya mapinduzi. Louis-Philippe amepanda farasi, wanawe watatu wako pamoja naye, wanakagua askari waliojipanga kando ya barabara ya Temple. Watu wanashangilia. Juu, nyumba namba 50, ghorofa ya tatu, kuna dirisha moja. Nyuma ya dirisha hilo amesimama Mkorsika aitwaye Giuseppe Fieschi, na mbele yake kuna fremu ya mbao iliyofungwa mitutu 25 ya bunduki, yote imeshindiliwa, yote imeelekezwa chini barabarani.

Mfalme amefika usawa wa dirisha. Fieschi amewasha moto.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO